Baba wa Kila Nyumba

Jumatatu, 2 Juni

Hatimaye! Wamepiga simu kutoka televisheni. Wanataka kutengeneza filamu kuhusu maisha yangu na kazi yangu. Itaonyeshwa baada ya taarifa ya habari, wakati familia zimekaa sebuleni. Nilimwambia aliyepiga kwamba nitafikiria. Kisha nikaogopa asije akakata simu, nikamwambia nimeshafikiria.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Nilipompa habari akauliza ni nani watahojiwa. Nikamwambia mimi. Akauliza nani mwingine. Nikamwambia hilo ni swali la watu wenye wivu. Akaendelea kuchambua mchele.

Habari mbaya: nimedokezwa kwamba kabla yangu walimfikiria Miwani. Miwani! Huyu alikuwa msaidizi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mwavuli juu ya kamera. Sasa ana studio yake, ana filamu zake ambazo eti nazo ni za kifamilia, na watu wanamsalimia barabarani kabla yangu. Lakini magazeti yalimwita nani Baba wa Kila Nyumba? Hakuna nyumba yenye televisheni ambayo haijalia na kucheka na filamu zangu, na zote zinaishia mezani, familia nzima inakula, ugomvi umekwisha. Filamu ya mwisho ya Miwani iliishia kwenye kituo cha mafuta.

Jumanne, 3 Juni

Amekuja mtayarishaji wa filamu yangu. Mwanamke kijana, mwenye raba miguuni na subira nyingi. Nilitaka anikute kama mtu asiyejiandaa, kwa hiyo nilivaa sweta kuukuu. Nililinunua jana. Asubuhi nzima nililisugua kwa jiwe ili lichakae.

Aliniuliza nilianzaje. Hapo sikutia chumvi. Nilimweleza jinsi nilivyokuwa nachana tiketi mlangoni mwa sinema, kijana mwembamba wa koti la kuazima, na jinsi nilivyokuwa naziona familia zikiingia. Baba mbele amenuna. Mama nyuma anawavuta watoto. Hakuna anayesema na mwenzake. Halafu onyesho likiisha wanatoka wamechanganyika, mtoto yuko begani kwa baba, mama anauliza kama waliona pale yule mzee alipofungua mlango. Nilijiambia kwamba mle gizani kuna kitu kinawafanyia watu hawa kazi ambayo wao wenyewe imewashinda. Nikataka kuwa mtu wa kukitengeneza kitu hicho. Kwetu sisi hatukuwa watu wa kutoka pamoja. Niliposema hilo mtayarishaji akanyamaza vizuri. Nilimpenda kwa kunyamaza kule.

Kisha akaharibu. Akauliza habari za binti yangu. Kila mtu anamkumbuka, alisema, yule mtoto wa mapengo aliyeigiza katika filamu zangu za mwanzo. Bila yeye filamu hii itakuwa haina moyo. Nikamwambia ah, huyo, tunaongea kila siku, mpaka simu inapata moto. Mke wangu alikuwa anapita na chai. Akapaliwa, na wala hakuwa anakunywa kitu.

Alhamisi, 5 Juni

Niweke mambo wazi, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Binti yangu hajakanyaga nyumba hii tangu alipoolewa. Sababu yake ni ndogo. Siku ya harusi yake nilikuwa narekodi harusi nyingine, ile ya kwenye filamu yangu inayopendwa kuliko zote. Mpango wangu ulikuwa safi: asubuhi kazini, mchana kwake. Lakini asubuhi kukawa na mawingu, na mchana likatoka jua la dhahabu, na yule mwigizaji wa baba akawa anamshika bibi harusi mkono kwa namna ambayo huioni mara mbili. Mtu mwenye akili angefanyaje? Nilifika kwake wanakunja vitambaa vya meza.

Mpaka leo watu wananisimamisha sokoni kuniambia jinsi walivyolia kwenye harusi ile. Ile ya filamu, nasema. Binti yangu hajaitazama. Naamini angeitazama mambo yangekwisha.

Mbinu ya kwanza, basi. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kukaa nasi kwa muda, na muda huo haujaisha. Nikaona afanye kazi. Nikamwandikia maneno ya kumwambia binti kwa simu: kwamba niko taabani, kwamba naita jina lake. Shemeji hana kipaji hata chembe. Alisoma yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na maagizo yangu ya pembeni, hata pale nilipoandika sauti itetemeke kidogo halafu unyamaze. Binti akampigia mama yake. Mama yake akamwambia ukweli, kwamba nimekula mayai nikaomba mengine, na sasa niko uani nagombana na mjomba wake.

Ijumaa, 6 Juni

Muujiza! Binti anakuja kula nasi Jumapili.

Haikuwa kazi yangu, nakiri. Mke wangu alizungumza naye chumbani, mlango umefungwa, muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akanieleza sharti. Hakuna kamera, hakuna mtu wa televisheni, ni chakula tu. Halafu akavuta pumzi na kusema polepole, nisije nikadai sikusikia:

"Mzee, mimi nina mtoto mmoja tu duniani. Ukinipotezea huyu mara ya pili, usinitafute."

Nikaapa. Niliapa kwa dhati kabisa kwamba mezani hapatakuwa na kamera.

Sasa, jikoni si mezani. Kati ya jikoni na chumba cha kulia tuna kidirisha cha kupitishia sahani, na kwenye rafu ya jikoni, nyuma ya kopo la unga, kuna nafasi ambayo kamera ndogo inaingia kama iliyopimwa. Mtayarishaji hatakuwepo. Hakuna mtu wa televisheni. Nimeligeuza sharti lile kila upande na sioni nilipolivunja.

Wala si kwa sababu ya filamu peke yake. Nataka aje. Nimemkumbuka, na hilo sijamwambia mtu. Lakini akija, akala, akaondoka, mimi nitabaki na nini? Kichwa changu kinasahau siku hizi. Kitu nisichokirekodi nakiona kama hakikutokea.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda kununua vanishi ya mbao. Matumizi yake nitayaeleza kesho. Mwenye duka akanitambua, akaacha wateja wote akazunguka meza kunishika mkono. Akaniambia yeye na kaka yake walikuwa hawasemeshani, tangu baba yao alipofariki, kwa ajili ya kiwanja. Usiku mmoja akaitazama filamu yangu, ile ya ndugu wawili na tanuri la mikate. Ilipoisha akachukua simu. Kaka yake alipopokea, naye alikuwa anaitazama hiyo hiyo.

Nilitoka pale nikatembea bila kujua naelekea wapi. Nikawaza: mimi huyu naweza kuwapatanisha watu nisiowajua, katika sebule ambazo sitaziona. Kwa nini nashindwa kwa mtu mmoja ambaye namba yake ninayo? Swali hilo lilinisimamisha kando ya barabara. Nilikaribia kupata jibu. Ndipo nikakumbuka kwamba sikununua brashi, nikarudi.

Nasikia Miwani naye amehojiwa kuhusu mimi. Eti amesema yote anayoyajua nilimfundisha mimi. Mjanja. Anataka kunizika nikiwa hai, kwa sifa.

Jumapili, 8 Juni

Siku nzito. Niandike kwa utaratibu.

Kwanza kuku. Watu hawajui kwamba chakula cha kweli hakipendezi kwenye picha. Kuku aliyechomwa vizuri akikaa mezani kidogo tu ananywea, ngozi inapauka. Katika filamu zangu zote kuku wa mwisho hupakwa rangi ya viatu, ile ya kahawia, kisha vanishi juu yake, anang'aa mpaka unaweza kunyoa ndevu mbele yake. Ni siri yangu ya kazi. Mke wangu alichoma kuku wawili. Nikawachukua wote wawili nikawapeleka gereji na kumpaka mmoja. Mpango ulikuwa rahisi: kuku wangu akae katikati ya meza wakati wa salamu, kisha nimtoe nilete wa kuliwa.

Binti alifika na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa kazini. Mtoto huyo nilikuwa sijamwona ila kwenye simu ya mke wangu. Amechukua paji langu la uso. Nilitaka kusema hivyo. Badala yake nikasema karibuni, karibuni sana, kama mwenye hoteli. Binti akanisalimia kwa adabu zote, kama mtu anavyomsalimia daktari.

Tukaketi. Nikasimama kusema machache, uso nimeuelekeza kwenye kidirisha. Nilikuwa bado naeleza maana ya familia wakati shemeji, ambaye hotuba na njaa haviwezi kwa pamoja, alipokata paja la kuku wangu akaliuma.

Nimefanya kazi na waigizaji maisha yangu yote. Sijapata kuona uso ukifanya vile. Alitema kwenye kitambaa, meno yamekuwa ya kahawia. Mke wangu akainama akamnusa kuku. Akanigeukia. Nikajua nimekwisha.

Binti ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia meza. Akamwambia mama yake kwamba kuku huyu anamjua tangu utotoni, kwamba kila filamu alikuwa anakalishwa mbele yake kutwa nzima na njaa yake, anatamani hata bawa, na anaambiwa atabasamu ila asiguse. Mke wangu naye akaanza kucheka. Kicheko hicho cha wawili sikuwa nimekisikia kwa miaka. Shemeji hakucheka, alikuwa bombani anasukutua.

Kuku wa kuliwa nilimkuta gereji kando ya kopo la vanishi lililo wazi. Alikuwa ananuka kama kabati jipya.

Binti akasema atakaanga mayai. Akaingia jikoni, nami nikamfuata na mkate. Alivunja mayai kwa mkono mmoja, kama mama yake. Alikuwa amenipa mgongo. Mafuta yakaanza kulia kwenye kikaango, na yeye, bila kugeuka, akasema:

"Siku ile, Baba, mimi ndiye niliyekataa kuingia ukumbini. Walisema tuanze, nikasema tumsubiri kidogo, yuko njiani. Nilisimama pale mlangoni mpaka miguu ikavimba. Watu wanadhani nilikasirika. Sikukasirika. Niliona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimewaahidi wote kwamba utakuja."

Nililia. Wala si kilio cha kupendeza, nililia na makamasi. Nikamwekea mkono begani, na hakuutoa. Akaniambia Jumamosi mtoto anatimiza mwaka. Hakuna sherehe, ni keki tu nyumbani kwao, saa nne asubuhi kabla mtoto hajasinzia. Angependa niwepo. Nikasema nitakuja. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Kisha nikaikumbuka kamera. Ilikuwa juu ya vichwa vyetu, imetazama upande wa pili, mezani kwa kuku. Maneno kama yale! Katika kazi yangu yote sijaandika maneno kama yale. Nikamwambia, kwa upole, kwamba amesema vizuri mno, ila mgongo ulinikabili mimi. Je, angeweza kuyasema tena akiwa ameelekea dirishani, kwenye mwanga? Na pale penye aibu achelewe kidogo.

Akazima jiko. Akanitazama. Akainua macho kwenye rafu, akaliona kopo la unga na kilichokuwa nyuma yake. Hakupandisha sauti.

"Jumamosi, Baba. Saa nne. Njoo mikono mitupu."

Jumatatu, 9 Juni

Nimetazama kilichorekodiwa. Kuku ametoka vizuri, pengine bora kuliko kuku wangu wote. Watu wamekatwa vichwa. Sauti ni ya mafuta kwenye kikaango, na mwanamume anapenga kamasi.

Mtayarishaji amepiga simu. Binti hahitajiki tena, amesema, wameshapata walichokuwa wanakitafuta. Kumbe Jumamosi, nilipokuwa dukani, walikuja kumhoji mke wangu! Nikapigwa na butwaa. Amesema nini? Mtayarishaji akasema amesema mambo ya kweli na kwa upendo. Hizo mbili zikiwa pamoja zinanitia hofu. Nimemuuliza mke wangu mwenyewe. Akanijibu kwamba nitaona siku ya kuonyeshwa, pamoja na nyumba nyingine zote.

Nimeshinda nazunguka nyumbani. Nimekwenda kusimama jikoni, pale pale aliposimama binti. Nilijua kwamba alinisubiri. Sikujua kwamba alinitetea. Alisimama mlangoni mbele ya watu wote akinitetea, na mimi wakati huo nilikuwa namwelekeza baba wa uongo jinsi ya kushika mkono. Hili linaniuma. Linaniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Na kitu kinachouma hivi hakifai kupotea bure.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamua. Onyesho la jikoni nitalitengeneza mwenyewe, nimpelekee mtayarishaji likiwa tayari. Mwigizaji wa binti, mwigizaji wa mimi, mayai. Akiliona hataweza kuliacha. Na binti akiliona ataelewa kwamba nilimsikia, neno kwa neno.

Mke wangu amenipiga marufuku jikoni kwake. Nikameza mate, nikaenda kwa Miwani. Nilitarajia atanizungusha. Hakunizungusha. Alisimama, akanipokea kwa mikono miwili, akasema studio ni yangu wakati wowote. Unafiki mtupu. Ila wiki hii nafasi aliyonayo ni Jumamosi. Mwigizaji ninayemtaka naye ana Jumamosi tu.

Nimepiga hesabu. Tukianza alfajiri, saa tatu nimemaliza, saa nne niko kwa binti na shati safi. Ni suala la mpangilio tu, na mpangilio ndio kazi yangu. Miwani akaniuliza kama Jumamosi sina shughuli ya kifamilia. Nikamuuliza nani kamwambia. Kumbe alikutana na shemeji. Huyu shemeji anahitaji paja jingine.

Ijumaa, 13 Juni

Mke wangu amenunua viatu vya mtoto, vidogo hivi, vinaingia kiganjani. Anavitoa kwenye boksi, anavitazama, anavirudisha. Ameninyooshea shati akalitundika mlangoni. Nimemwambia kesho atangulie na shemeji, nitawakuta huko huko. Akauliza nina safari gani asubuhi. Nikamwambia naonana na fundi. Si uongo, seremala ndiye anayemalizia jiko la mbao kule studioni. Akavirudisha viatu kwenye boksi akafunga kifuniko. Nadhani ameridhika.

Jumamosi, 14 Juni

Ushindi! Siku kubwa kuliko zote katika kazi yangu.

Tulianza kwa mikosi. Seremala alikuwa ameliweka dirisha upande usiofaa, likang'olewa. Mwigizaji wa mimi amekuja mrefu na ana nywele nyingi, nikaona nimwache hivyo hivyo. Msichana wa kuigiza binti akawa anavunja mayai kwa mikono miwili. Tukamfundisha mpaka mayai yakaisha, watu wakatumwa kuleta mengine. Saa tatu ikafika bado hatujaanza. Miwani akaja akasimama kando yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kila kitu kiko kwenye mswada, kwamba yeye atasimamia kama nilivyopanga, mimi niende. Nilijua tu! Analitaka onyesho langu. Nikamjibu kwamba studioni hatunong'oni, nikazima simu isije ikaharibu sauti.

Tukarudia, tukarudia. Mwishowe msichana akapata. Alipofika pale penye aibu akachelewa kidogo, kama nilivyotaka. Fundi wa taa alikuwa anajifuta macho. Miwani alitoka nje.

Mwigizaji wa mimi akaniuliza baba anafanya nini baada ya hapo, maana mswada unaishia kwenye machozi. Nikamjibu bila hata kufikiri.

"Anaacha kila alichoshika. Hana kazi tena, hana watu wa kuwaangalia. Ana mahali pamoja tu pa kwenda, na anakwenda."

Akafanya hivyo. Alitupa mkate chini akatoka mbio kwenye ule mlango wa mbao, na sote tukapiga makofi. Kisha tukarekodi tena kutoka upande wa dirisha, iwe akiba.

Nilipowasha simu jua lilikuwa limeshapinda. Mke wangu alikuwa amepiga, akapiga tena, kisha akaacha. Ametuma picha moja bila maneno. Bila shaka mkwe ndiye aliyeipiga. Binti amempakata mtoto, keki iko mbele yao, mtoto ana krimu puani na viatu vipya miguuni. Mke wangu na shemeji wako upande wa kushoto. Si picha mbaya, mwanga unatoka mahali panapofaa. Lakini upande wa kulia, kando ya binti, wameacha kiti kitupu, na jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kiti badala ya kwa mtoto. Makosa ya watu ambao hawakusomea. Nimemwandikia mke wangu nikamweleza. Ningekuwepo ningewaambia wakiondoe.